Kuku Wako ni Mbegu Gani? Jinsi ya Kuwatambua Kwenye Banda la Mchanganyiko



Wiki chache zilizopita nilipigiwa simu na dada mmoja mfugaji, kata ya jirani na ninayoihudumia huku Morogoro. "Bwana mifugo, naomba upite kwangu, kuna jambo dogo tu nataka unisaidie." Wafugaji wakisema jambo dogo mimi huwa nabeba kabisa kofia na chupa ya maji, maana najua siku imeshakwisha.

Nilimkuta na kuku 39 uani nyuma ya nyumba: matetea 34 na majogoo watano. Banda safi, vyombo vya maji visafi, chanjo ya kideri kapiga kwa wakati. Ndani kwenye chumba cha akiba ana mashine ya kutotolesha, na siku hiyo ilikuwa na mayai 130, siku ya nane. Kapata mteja kupitia status ya WhatsApp, anataka vifaranga 300 wa Kuroiler kwa awamu tatu, na ameshatuma malipo ya awali laki mbili na nusu. Alichotaka kwangu ni nimsaidie kuondoa "wale wachache wasiofanana" ili awamu ya pili itoke safi zaidi.

Nikatazama ile uani. Kuku weusi, wekundu, wa madoa kama kanga, wenye shingo tupu, mmoja mrefu kama anataka kuchungulia ukuta wa jirani. Nikamuuliza, "Dada, Kuroiler ni wapi hapa?" Akanyoosha mkono akazungusha uwanja mzima. "Si hawa wote wenye rangi rangi?"

Hapo ndipo somo la leo linapoanza, kwa sababu swali hilo naulizwa karibu kila wiki. Kijana ana kuku wa kurithi kwa bibi, wengine kanunua mnadani, wengine kaletewa kama vifaranga na bodaboda, na sasa anataka kufanya biashara. Anataka kujua ana mbegu gani.

Kwa nini ujisumbue kujua

Kama unafuga kwa ajili ya mboga na mgeni wa Jumapili, jina la mbegu halina kazi. Kuku ni kuku. Lakini ukishaingia kwenye biashara, jina linagusa mambo matatu: jogoo gani abaki, chakula gani umpe nani, na unamwahidi nini mteja. Hilo la tatu ndilo linalowaumiza vijana wengi.

Na mimi mwenyewe liliniuma, nisijifanye mjuaji. Mwaka wangu wa pili kazini, stashahada yangu bado ina harufu ya wino, nilinunua vifaranga 100 kwa mtu aliyeniambia ni Sasso. Walikuwa wa njano mpauko, karibu weupe. Nikawalea kwa chakula cha gharama. Wiki ya sita nawaangalia: wembamba, vifua kama kisu, weupe wenye vipaku vya kahawia, na wote majogoo. Wote! Nilikuwa nimeuziwa madume ya kuku wa mayai. Kwenye mbegu nyingi za kuku wa kahawia wa mayai, vifaranga wa kike huzaliwa wa kahawia na wa kiume huzaliwa wa njano mpauko, kwa hiyo kiwandani wanatenganishwa siku ya kwanza kwa macho tu. Madume hayana kazi kwenye biashara ya mayai, yanauzwa bei ya kutupa, halafu mtu wa kati anayabatiza jina jipya. Sikuwa nimeangalia kitu chochote zaidi ya rangi, tena niliiangalia vibaya.

Mkamate kwanza

Huwezi kumtambua kuku kwa kumtazama akikimbia. Nilimwambia dada tusubiri giza liingie. Kuku wakishapanda kulala hawana fujo, unamchukua mmoja mmoja kwa tochi. Tulikuwa na daftari, mizani ya kuning'iniza, na pete za plastiki za rangi za kuvalisha mguuni. Kama huna pete, vipande vya kitambaa vitafaa kwa siku mbili tatu, ila usifunge kwa kubana.

Kila kuku akapewa namba. Kila namba ikaandikwa: upanga, ndewe, macho, mdomo, miguu, vidole, manyoya, uzito, na la mwisho kabisa rangi. Pia nilimwambia dada aandike pembeni alikotoka kila mmoja, kama anakumbuka. Kumbe anakumbuka vizuri sana. Wanawake wanaofuga wana kumbukumbu ya kuku kama ya watoto wa shule: huyu alitoka kwa shangazi, huyu nilinunua mnadani wakati wa mahindi, huyu alizaliwa hapa hapa.

Kazi ilichukua saa mbili na nusu kwa kuku 39. Si nyingi ukilinganisha na hasara ya kubahatisha.

Kichwa kinasema mengi

Anza na kile kinyama chekundu juu ya kichwa, upanga, wengine wanaita kilemba. Kuku wengi wa kisasa wana upanga mmoja uliosimama wenye meno kama msumeno. Rhode Island Red wengi wako hivyo, Black Australorp yuko hivyo, kuku wa kahawia wa mayai yuko hivyo. Leghorn, yule mweupe mwembamba asili yake Italia, anao mkubwa mpaka kwa tetea unaangukia upande mmoja kama kofia iliyolegea.

Ukikuta upanga mdogo uliolala, wenye mistari mitatu ya vinundu vidogo kama punje za njegere, hapo simama. Au ukikuta umekuwa kidonge kimoja kilichokunjamana, mfano wa nusu ya kokwa. Huo ni upanga wa kuku jamii ya kuchi na ndugu zake wapiganaji, na unaonekana hata kwa watoto wa mchanganyiko, kwa sababu unatawala: mzazi mmoja akiwa nao, watoto wengi watauonyesha. Tena upanga wa kuku una historia yake. Mwingereza William Bateson aliutumia mwaka 1902 kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizogundua Mendel kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Kwa hiyo ukiangalia upanga unaangalia urithi wenyewe, chakula na matunzo haviwezi kugeuza msumeno ukawa njegere.

Shuka chini kidogo, tafuta ndewe, kile kinyama kilicho chini ya tundu la sikio. Ndewe nyeupe kwa kawaida humaanisha mayai meupe, kama Leghorn. Ndewe nyekundu kwa kawaida humaanisha mayai ya kahawia au ya maziwa. Nasema kwa kawaida, maana kwenye kuku wa mchanganyiko utakuta ndewe nyekundu zenye doa jeupe katikati, na yai linatoka rangi ya chai ya maziwa mengi. Hiyo nayo ni habari: inakuambia damu imechanganyika.

Halafu mdomo. Kuku wa dada sita walikuwa na mdomo uliokatwa ncha. Hakuna mtu anayemkata mdomo kuku wa kienyeji. Hiyo ni alama ya shamba la kuku wa mayai, wanakatwa wakiwa wadogo ili wasidonoane. Nikamuuliza, akacheka, akasema kweli, aliwanunua kwa jamaa aliyekuwa anamaliza kundi lake la kuku waliotaga mpaka wakachoka. Yeye alidhani wamezaliwa hivyo.

Miguu haidanganyi sana

Nasema "sana" kwa makusudi. Rangi ya mguu ni ya urithi: njano, nyeupe, kijivu cha kuelekea weusi. Lakini ile njano inatoka kwenye chakula, hasa mahindi ya njano na majani mabichi. Tetea anapoanza kutaga, njano ya mwilini inaingia kwenye kiini cha yai. Inapotea kwanza sehemu ya haja, kisha kuzunguka jicho, kisha ndewe na mdomo, na mwisho kabisa miguuni. Kwa hiyo tetea mwenye miguu iliyopauka anaweza kuwa wa miguu ya njano aliyetaga miezi mingi mfululizo. Wale sita wa mdomo uliokatwa miguu yao ilikuwa kama karatasi, na dada alikuwa amewaweka kundi tofauti kwa sababu hiyo. Ukitaka ukweli wa rangi ya mguu mwangalie jogoo, au tetea asiyetaga.

Faida ya pili ni hii: ukishaijua mbegu, mguu unakuambia nani anafanya kazi. Kuku wa miguu ya njano anayekula sawa na wenzake lakini miguu yake imebaki njano ya kung'aa, huyo anakula bure.

Sasa chukua kuku mweusi. Huku kwetu kuku yeyote mweusi mnene ataitwa "kuku wa Malawi". Jina hilo linatokana na Black Australorp, mbegu iliyotengenezwa Australia kutokana na Orpington wa Uingereza, na serikali ya Malawi iliisambaza kwa miaka mingi kwa wakulima wake kupitia kituo cha Mikolongwe. Si mbegu ya mchezo, ilishawahi kusifika duniani kwa tetea aliyetaga mayai 364 kwa siku 365. Lakini Australorp halisi ana dalili zake: mweusi mwenye mng'ao wa kijani juani, jicho jeusi, upanga wa msumeno, miguu ya kijivu cheusi, na ukimgeuza nyayo zake ni nyeupe. Dada alikuwa na weusi watatu. Mmoja alifaulu yote. Wa pili miguu ya njano, basi, si Australorp. Wa tatu alikuwa na manyoya ya dhahabu shingoni, naye akaondoka kwenye orodha.

Hesabu na vidole pia. Kuku wengi wana vinne. Kuna mbegu chache za Ulaya na Asia zenye vitano, na ukimkuta huku kwetu basi kuna babu aliyesafiri.

Umbo, uzito na tabia

Hapa sitakaa sana. Kuchi utamjua hata gizani: miguu mirefu, shingo ndefu iliyosimama, mdomo mfupi mnene uliopinda, nyusi nzito juu ya jicho kama mtu aliyekasirika, manyoya machache yaliyobana mwilini, ndevu ndogo. Anapatikana sana kanda ya ziwa. Upande wa pili wa mizani kuna ching'wekwe wa huku kwetu Morogoro, mdogo, miguu mifupi, tetea anapima kilo moja na kidogo, lakini ana akili ya kujilinda na mwewe kuliko kuku yeyote wa mashine. Kati yao kuna kuku wa kienyeji wa kila umbo.

Tabia nayo iandike. Kuku wa mayai wa kisasa karibu haatamii kabisa, hiyo tabia ilishachujwa kwa vizazi vingi. Kuroiler huatamia kwa nadra. Kienyeji huatamia kila akimaliza kutaga mayai yake kumi na kitu. Ukimwona "Kuroiler" wako amekalia mayai kwa ukali anakudonoa mkono, jiulize mara mbili.

Kishingo, kidimu na bukini si mbegu

Hapa naomba tulia, maana ndipo tulipobishana sana na dada.

Alikuwa na matetea wanne na jogoo mmoja wenye shingo tupu, kishingo. Aliwaita Sasso, kwa sababu aliwahi kuona picha ya Sasso mwenye shingo tupu. Ni kweli, Sasso wa Ufaransa wana koo za aina hiyo. Lakini shingo tupu ni urithi mmoja tu unaokaa kwa kuku wa mbegu yoyote, na kuku wa kienyeji wa Tanzania wamekuwa nao tangu enzi za bibi zetu. Ni kama mtu kuwa na mwanya. Huwezi kusema kila mwenye mwanya ni ndugu.

Ukiangalia kwa makini utaona kitu kizuri. Kuku aliyepata urithi wa shingo tupu kwa mzazi mmoja ana kishada cha manyoya mbele ya shingo, kama tai ndogo. Aliyepata kwa wazazi wote wawili shingo yake iko wazi karibu yote. Kwa hiyo kwa kutazama tu unaweza kujua watoto watakuwaje. Jogoo asiye na kishada atazaa shingo tupu kwa kila tetea. Jogoo mwenye kishada atazaa karibu nusu kwa nusu akipanda tetea wa kawaida. Jogoo wa dada alikuwa na kishada. Ikumbuke hiyo, tutairudia.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja kurudi nyuma kama amepita kwenye upepo, ni hadithi ile ile: urithi mmoja. Usimpandishe kidimu kwa kidimu, kwa sababu watoto wanaopata urithi huo pande zote wanakuwa na manyoya dhaifu yanayokatika, wanabaki nusu uchi na baridi inawamaliza. Na bukini, asiye na mkia, naye hivyo hivyo, si mbegu, ni umbo linalorithiwa.

Nisieleweke vibaya. Shingo tupu ni sifa nzuri kwenye joto, kuku anapunguza joto mwilini kwa urahisi, na kuna wateja wanaipenda. Iuze kwa jina lake tu.

Rangi, kwa nini nimeiweka mwisho

Kwa sababu ndiyo inayotangulia machoni na ndiyo inayodanganya zaidi. Mwekundu si lazima awe Rhode Island Red. Mwekundu wa kweli wa Rhode Island ana wekundu mzito wa kuelekea mti wa mninga, mkia una weusi, na ukifunua manyoya mgongoni, yale malaini ya ndani nayo ni mekundu. Kuku wa kahawia wa mayai ni mwepesi zaidi kwa rangi, na ukimfunua mgongoni ndani ni mweupe. Jaribu leo, ni sekunde tano.

Yule wa mistari myeupe na myeusi iliyopangika vizuri anaweza kuwa na damu ya Plymouth Rock, na tetea wa aina hiyo anakupa zawadi ambayo wengi hawaijui: mistari yake anawarithisha watoto wa kiume tu. Mpandishe kwa jogoo mwekundu asiye na mistari. Vifaranga wenye doa jeupe kichwani ni majogoo, weusi watupu ni matetea. Umetenganisha jinsia siku ya kwanza bila mtaalamu. Dada alikuwa na mmoja wa namna hiyo na alikuwa anataka kumchinja Pasaka.

Na Kuroiler? Kuroiler hana sare. Alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms kwa kuchanganya damu mbalimbali, na hutoka wa rangi nyingi. Mwekundu, mweusi, mweupe, wa madoa, wa mistari. Huwezi kumthibitisha kwa rangi, na huwezi kumkataa kwa rangi. Utakachoona ni mwili mkubwa, kifua kipana, mifupa minene na kukua haraka ukimlinganisha na kienyeji wa umri huo. Lakini alama inayomtambulisha kuliko zote haiko mwilini. Ni risiti. Nani alimtotolesha, lini, kutoka kwa kuku wazazi gani.

Tulichokuta

Saa tatu usiku tukakaa na daftari. Kati ya matetea 34: sita ni kuku wa kahawia wa mayai waliokwisha kazi. Watatu weusi, mmoja tu mwenye dalili zote za Australorp. Wawili wana damu ya kuchi. Wanne kishingo wa kienyeji. Mmoja wa mistari. Saba kienyeji wa umbo la kati. Wakabaki 11 wenye miili ya Kuroiler, na kati ya hao watatu walizaliwa pale pale uani. Wanane tu ndio walitoka kwenye vifaranga alivyonunua na risiti mwaka juzi, na kwenye majogoo watano, mmoja.

Majogoo wale wanne wengine: kuchi mmoja, kishingo mmoja mwenye kishada, na wawili chotara wa nyumbani. Wote watano wanatembea pamoja na matetea wote.

Nikamwomba tufanye hesabu ya vidole. Tetea wanane kati ya 34, jogoo mmoja kati ya watano. Tukijidanganya kwamba matetea wote wanataga sawa na majogoo wote wanapanda sawa, yai lenye mama Kuroiler na baba Kuroiler ni kama moja katika kila 20. Kwenye mayai 130, ni kama sita.

Akanyamaza. Nikaongeza lililo gumu zaidi, maana ni afadhali aambiwe yote siku moja. Hata hao sita si Kuroiler kwa maana aliyoilipia mteja. Kuroiler ni chotara wa biashara. Ubora wake unatokana na kukutanisha koo maalumu za wazazi, na ukiwapandisha watoto kwa watoto, kizazi kinachofuata kinatawanyika: mmoja mkubwa, mwingine mdogo, huyu anataga, yule haatamii wala hatagi vizuri. Ni kama kupanda mahindi chotara uliyovuna mwenyewe msimu uliopita. Yanaota, lakini shamba halilingani. Mfugaji anayetaka kuuza Kuroiler ananunua vifaranga kila kundi kwa mtotoleshaji mwenye kuku wazazi, anawalea wiki nne na kuuza na chanjo. Hiyo ni biashara halali na inalipa. Kuwatotolesha uani na kuwapa jina hilo, hapana.

"Sasa bwana mifugo," akasema, "hela ya watu nimeshanunulia chakula."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia nitakachofanya mimi ningekuwa yeye, ni kumpigia mteja kabla mayai hayajaanguliwa, kwa sababu kijana wa leo akipokea vifaranga anapiga picha dakika ile ile na kuuliza kwenye makundi. Nikamwambia pia kwamba simu hiyo siwezi kuipiga kwa niaba yake.

Majogoo

Usiku ule ule tulianza na hatua ya kwanza ambayo ningemshauri mtu yeyote mwenye kundi la aina hii: tenga majogoo. Wanne wakaenda banda la mbuzi lililokuwa tupu. Jogoo mmoja mwenye afya anatosha matetea wanane mpaka kumi, kwa hiyo jogoo wa Kuroiler akawekwa na matetea tisa aliochagua kwa uzito na utagaji. Sikumchagulia mbegu, nilimwambia achague kazi. Wanane walikuwa wale wa risiti, wa tisa ni yule wa mistari, ili aone mwenyewe mambo ya doa kichwani likimtokea, maana bahati nzuri jogoo yule ni mwekundu.

Lakini usianze kukusanya mayai ya kutotolesha kesho yake. Tetea anahifadhi mbegu za jogoo tumboni na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye rutuba wiki mbili, hata tatu, baada ya jogoo kuondoka. Subiri wiki tatu. Mayai ya kipindi hicho uza ya kula. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa jogoo wa zamani anaendelea kuzaa.

Wale sita wa mdomo uliokatwa nilimshauri awauze wa nyama. Walikuwa wanakula chakula cha kutagisha na miguu ilishaanza kurudi njano, maana yake wameacha kutaga.

Simu

Alimpigia mteja kesho yake asubuhi. Alinisimulia kwamba yule bwana alikasirika, akakata simu, halafu baada ya saa moja akapiga tena na kuuliza, "Sasa hao chotara wako ni bei gani?" Wakakubaliana achukue awamu ya kwanza tu, vifaranga 100 kwa shilingi 1,200 kila mmoja, kwa jina la chotara wa kienyeji. Vifaranga 200 vilivyobaki akavifuta. Kwa hiyo kati ya ile laki mbili na nusu, laki na ishirini imekuwa malipo, na laki moja na thelathini inarudi. Dada aliuza kuku sita waliochoka na majogoo watatu, jogoo wa kuchi ndiye aliyepata bei nzuri kuliko wote kwa sababu alipata mtu anayemtafuta kuchi kwa jina lake, akarudisha sehemu kubwa. Kilichobaki anamaliza mwisho wa mwezi huu.

Mashine ilitoa vifaranga 104. Alinitumia picha alfajiri, kabla hata hawajakauka vizuri. Shingo tupu inaonekana kwa kifaranga tangu anapotoka kwenye yai. Nikavuta picha, nikahesabu: 17 walikuwa wameshanyoa.

Mteja amewachukua na hao pia. Alisema anajua mtu wa Dumila anayewatafuta.